Jinsi ya kuyakabili maandishi usiyoyajua

Ukiwekewa mbele yako ukurasa wa Kikorea, wa Kiamhari au wa hieroglifu za Misri, macho hukimbilia kutafuta picha. Hii inafanana na nyumba, ile na mtu aliyeketi, hii bila shaka ni ndege. Acha mara moja. Njia hiyo iliwapoteza wasomi wa Ulaya kwa karne nyingi. Katika karne ya 17 Athanasius Kircher, mtu mwenye elimu kubwa kwa zama zake, alichukua jina la farao lililoandikwa kwa alama chache tu akalifasiri kuwa sentensi ndefu kuhusu mungu Osiris na baraka za mto Nile. Aliona picha akadhani kila picha imeficha hekima. Kumbe lilikuwa jina tu.

Umbo la alama halikuambii kazi yake, na kazi ndiyo unayotakiwa kuitafuta. Hatua zifuatazo zinakuonyesha namna ya kuipata, hata kama lugha yenyewe huijui hata salamu.

Kwanza zijue kazi zenyewe. Ziko tatu. Alama inaweza kusimama badala ya neno au wazo zima: 5 utaisoma "tano", Mfaransa ataisoma "cinq", na wote wawili mmepata kitu kilekile. Inaweza kusimama badala ya sauti: m peke yake haina maana yoyote mpaka ishikane na wenzake. Au inaweza isitamkwe kabisa, ikakaa pembeni kumwongoza msomaji. Andika "Amekuja." kisha andika "Amekuja?" Neno ni lilelile, tofauti yote imebebwa na kitu ambacho hakuna anayekitamka. Alama za aina hii ya tatu nitaziita alama bubu. Mwandiko unaotumia aina moja tu ni nadra sana, kwa hiyo usijisumbue kuuliza "huu ni mwandiko wa picha au wa sauti?" Uliza alama hii, hapa ilipo, inafanya nini.

Hatua ya 1: Jua mstari unaanzia wapi

Tazama mwisho wa aya. Mstari wa mwisho kwa kawaida haujai, na upande uliobaki mtupu ndio unakoishia mwandiko. Ukiwa mtupu kulia, unasomwa kutoka kushoto. Ukiwa mtupu kushoto, unasomwa kutoka kulia, kama Kiarabu, Kiebrania, au N'Ko, mwandiko ambao Solomana Kanté wa Guinea aliubuni mwaka 1949 kwa ajili ya lugha za Kimande. Kichina na Kijapani vikiandikwa kwa mtindo wa jadi hushuka kutoka juu, safu ya kwanza ikiwa kulia. Hieroglifu zinaweza kwenda upande wowote, ila zina ukarimu wake: watu na wanyama hutazama kule mstari unakoanzia, basi wewe soma ukikutana na nyuso zao. Yako pia maandishi ya kale ya Kigiriki yanayokwenda na kurudi, mstari huu kulia na unaofuata kushoto, kama ng'ombe wa kukokota plau.

Hatua ya 2: Hesabu alama zisizofanana

Hii ndiyo hatua yenye thamani kuliko zote, na ndiyo watu wengi huiruka kwa sababu inachosha. Chukua maandishi marefu, ya kurasa mbili au tatu. Andika pembeni kila alama mpya unayokutana nayo. Iliyokwisha kuorodheshwa usiiandike tena. Mwanzoni orodha itakua haraka, kisha itapunguza mwendo. Angalia inasimama wapi.

Ikisimama kati ya 20 na 40, karibu hakika kila alama inabeba sauti moja. Kilatini kina herufi 26, Kiarabu 28, Kijojia 33. Ikisimama kati ya 50 na mia mbili na ushei, unatazama silabi: hiragana ya Kijapani ina alama 46 za msingi (yaani mpaka wenyewe si wa wembe), Kicherokee, lugha ya wenyeji wa asili wa Marekani, kina 85, na Kiamhari zaidi ya 200. Ikikataa kusimama, kila ukurasa ukileta sura mpya, basi kuna alama zinazobeba maneno. Serikali ya Japani ina orodha ya kanji (alama zilizotoka Kichina) 2,136 za matumizi ya kila siku, na hizo ni zile za kawaida tu.

Sababu ni hesabu nyepesi. Sauti za lugha ni chache, silabi ni nyingi kiasi, maneno hayana mwisho. Jaribu kwa Kiswahili. Tuna irabu tano na konsonanti zaidi ya 20, kwa hiyo mtu akitaka alama moja kwa kila silabi (ba, be, bi, bo, bu, kisha da, de, di…) atavuka mia kabla hajagusa mba, ndo, mwa na ngwe.

Mitego ipo mitatu. Asiyejua Kilatini atahesabu A na a kuwa alama mbili, apate 52, adhani ni silabi. Herufi za Kiarabu nazo hubadilika sura kulingana na zilipo kwenye neno: ب, بـ, ـبـ na ـب zote ni ba moja. Dalili ya kukuamsha ni kwamba sura fulani huonekana mwanzoni mwa neno tu na nyingine mwishoni tu. Hazikutani kamwe mahali pamoja.

Mtego wa tatu ni wa Kikorea, nao unakwenda kinyume. Ukihesabu kila kibonge kama alama moja utapata mamia kwa mamia na kusema huu ni mwandiko wa maneno kama Kichina. Sasa tazama hivi vinne kwa karibu: 가, 나, 간, 난. Cha kwanza na cha tatu vina kona ileile juu kushoto, ㄱ. Cha pili na cha nne vina ㄴ mahali hapohapo, na cha tatu na cha nne vina ㄴ nyingine chini. Vyote vina ㅏ. Basi vibonge vinavunjika: ga, na, gan, nan. Ukivunja vyote utabakiwa na herufi 24 za msingi. Mfalme Sejong aliyeubuni mwandiko huu mwaka 1443, akautangaza 1446, alifanya jambo ambalo sijaona mfano wake kwingine kwa ustadi: maumbo ya herufi yanaonyesha kinywa. ㄴ ni ulimi ncha yake ikigusa juu, kama unapotamka n. ㅁ ni mdomo, kwa sauti m. Ukiongeza mstari mmoja kwenye ㄱ, sauti nayo inaongezeka pumzi, inakuwa ㅋ. Hapo umbo na kazi vimefunga ndoa kweli, lakini usitegemee bahati hiyo kwingine.

Hatua ya 3: Tafuta kinachobadilika karibu na kisichobadilika

Mchukue mgeni asiyejua neno hata moja la Kiswahili, umpe orodha hii: mtoto, watoto, mtu, watu, mke, wake. Hajui maana, hajui hata sauti, lakini ataona kwamba mikia mitatu inabaki na vichwa viwili vinapokezana. Ameshagundua kipande cha sarufi bila kusoma kitu.

Ndivyo Alice Kober alivyofanya Marekani katika miaka ya 1940 mbele ya vibao vya udongo vya Krete, kisiwa cha Ugiriki, vile ambavyo Arthur Evans alianza kuvichimbua Knossos mwaka 1900. Mwandiko wa vibao hivyo, Linear B, una alama za silabi karibu 90. Kober alikusanya maneno yenye mwanzo mmoja na miisho tofauti, akaonyesha kwamba lugha hiyo inanyambua maneno yake. Hakuwa amejua sauti hata moja. Kazi yake ndiyo iliyomwezesha Michael Ventris, msanifu majengo wa Uingereza, kugundua mwaka 1952 kwamba lugha yenyewe ni Kigiriki cha kale.

Angalia pia vitu vidogo vinavyoning'inia kwenye vikubwa. Katika mwandiko wa Ethiopia utakutana na በ, ቡ, ቢ, ባ, ቤ, ብ, ቦ. Mwili ni mmoja, kinachobadilika ni mguu, mkono au kikonyo. Kisha utaona ለ, ሉ, ሊ, ላ, ሌ, ል, ሎ zikifanya mchezo uleule, mara saba. Mwili ni konsonanti, nyongeza ni irabu. Ukishaona mpango huu, zile alama zaidi ya 200 hazikutishi tena. Unajifunza miili ishirini na kitu hadi thelathini na kitu, pamoja na nyongeza zake.

Kiarabu chenyewe hakiandiki irabu fupi katika maandishi ya kawaida, na msomaji hapotei. Sababu utaiona katika maneno uliyokwisha kuyazoea: kitabu, katibu, maktaba, katiba, mkataba. Mifupa ya yote ni k-t-b, na mifupa hiyo ndiyo inayobeba maana ya kuandika. Kiswahili hakina mifupa ya namna hiyo. Andika p-t peke yake uone msomaji atachagua nini kati ya pata, pita, peta na pete. Washairi wa pwani walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ilibidi waweke vialama vya irabu, na hata hapo Kiarabu kina vialama vitatu kwa irabu zetu tano, hivyo e na i zikagombania nafasi moja, na o na u vilevile. Mwandiko mzuri kwa lugha hii unaweza kuwa mateso kwa ile.

Hatua ya 4: Ingia kwa mlango wa majina

Maana hubadilika kutoka lugha hadi lugha, lakini jina la mtu au mji hubaki na sauti zake, angalau kwa kufanana. Kwa hiyo tafuta maandishi ambayo unajua yana majina gani: ramani, ratiba ya ndege, msimamo wa ligi. Ramani ndiyo bora, maana inakupa jina na mahali pake kwa pamoja.

Jiwe la Rosetta, lililopatikana Misri mwaka 1799, lina tangazo moja la mwaka 196 KK katika miandiko mitatu: hieroglifu, demotiki (mwandiko wa haraka wa Wamisri) na Kigiriki. Kigiriki kilisomeka, na ndani yake limo jina Ptolemaios. Katika hieroglifu majina ya wafalme huzungushiwa fremu ya mviringo, hivyo hakukuwa na ugumu kujua pa kutazama. Jean-François Champollion alipata pia jina la Kleopatra kwenye mnara wa Philae, akayapanga mawili hayo sambamba. Alama ya kwanza ya Ptolemaios, p, ilipaswa kuwa ya tano katika Kleopatra. Ikawa hivyo. L ya nne katika Ptolemaios ilipaswa kuwa ya pili kwa Kleopatra. Nayo ikawa. T peke yake haikufanana: kwa Ptolemaios ni mkate, kwa Kleopatra ni mkono. Mwingine angekata tamaa hapo. Champollion alikubali kwamba sauti moja inaweza kuwa na alama mbili, kama sisi tunavyoweza kuandika sauti moja kwa namna tofauti tukikosa kanuni, akasonga mbele na kutangaza matokeo yake mwaka 1822.

Onyo moja kuhusu sura unazozidhania unazifahamu. Neno la Kirusi РЕСТОРАН halisomwi kwa p, c wala h, linasomwa "restoran". Sequoyah, aliyekamilisha mwandiko wa Kicherokee mwaka 1821, aliwahi kuona vitabu vya Kiingereza bila kujua kuvisoma, akaazima baadhi ya maumbo na kuyapa kazi mpya: D yake ni "a", R ni "e", W ni "la". Herufi haijali ulifundishwa nini.

Hatua ya 5: Tenga zinazotamkwa na zilizo bubu

Hapa ufanye zoezi kwa kalamu. Jifanye huna herufi, una picha tu, na unataka kuandika Kiswahili. Neno kaa, yule mnyama wa pwani anayetembea upande, ni rahisi: unamchora. Sasa unataka kuandika kaa la moto. Ni kidonge cheusi, mchoro wake utachanganywa na jiwe. Na kitendo cha kukaa, kwa maana ya kuishi mahali, utakichoraje? Suluhisho: mchore yuleyule mnyama. Sauti ni ileile.

Umetatua tatizo ukazua jingine, kwa sababu msomaji akimwona mnyama hajui ni kaa yupi. Basi ongeza kitu kidogo pembeni. Mawimbi: mnyama. Mwali: la moto. Mtu: kitendo. Hakuna atakayesoma "mawimbi kaa" au "mwali kaa". Ile nyongeza ni bubu, inachagua tu.

Wasumeri, watu wa kale wa nchi iliyo Iraki ya leo, walipita njia hiyohiyo maelfu ya miaka iliyopita. Katika lugha yao "ti" ilikuwa mshale na pia uhai, na uhai hauchoreki, kwa hiyo wakaandika mshale. Wamisri waliweka alama bubu mwishoni mwa maneno mengi: miguu inayotembea kwa vitendo vya mwendo, mtu aliyeketi kwa majina ya watu.

Wachina bado wanafanya hivyo leo, na hapa ndipo watu wengi hukosea wanapokiita Kichina mwandiko wa picha. Chukua 馬, farasi, hutamkwa "ma". Weka mwanamke 女 pembeni, unapata 媽, mama. Weka mdomo 口, unapata 嗎, kijineno cha kuulizia swali. Weka mdudu 虫, unapata 螞, sehemu ya neno la siafu na sisimizi. Zote hutamkwa "ma", kwa toni tofauti. Farasi hayumo katika maana ya hata moja. Yumo kwa ajili ya sauti tu, na kile kipande cha kushoto ndicho bubu. Sehemu kubwa ya alama za Kichina zimeundwa hivi.

Wamaya wa Amerika ya Kati walikuwa na anasa zaidi. Yuri Knorozov, msomi wa Urusi aliyefungua njia mwaka 1952, alionyesha kwamba alama zao nyingi ni silabi. Neno balam, chui wa kule, mwandishi angeweza kulichora kama kichwa cha chui. Au kichwa na silabi "ba" mbele yake, kumhakikishia msomaji. Au aache picha kabisa, aandike ba-la-ma, ile a ya mwisho isitamkwe. Ukiona neno moja limeandikwa kwa namna tatu katika mwandiko unaouchunguza, usifute yoyote. Zilinganishe, maana moja inaifasiri nyingine.

Hatua ya 6: Alama za wazo tupu, usizikisie

Watu huamini kwamba picha hujisoma yenyewe. Ile alama ya mionzi, mapanga matatu kuzunguka nukta, ilibuniwa mwaka 1946 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 2007 shirika la kimataifa la nishati ya atomiki na lile la viwango yalilazimika kutoa alama ya nyongeza yenye fuvu la kichwa na mtu anayekimbia, kwa kuwa asiyefundishwa haoni hatari yoyote katika mapanga matatu. Ishara ya = nayo haina usawa wowote ndani yake mpaka ukubali hoja ya Robert Recorde wa mwaka 1557 kwamba hakuna vitu vinavyolingana kuliko mistari miwili sambamba. Alama za namna hii dawa yake ni kutafuta makubaliano yaliyozizaa. Hakuna hesabu itakayokupa jibu.

Hatua ya 7: Uliza mwandiko umeacha nini

Ukishazijua sauti zote bado hujamaliza, kwa sababu kila mwandiko huacha kitu kwa msomaji anayeijua lugha. Wa kwetu huacha mkazo: barabara ya magari na barabara ya "sawasawa" zimeandikwa sawa, hazitamkwi sawa. Huacha pia pumzi. Kwa wenyeji wengi wa pwani paa la nyumba na paa mnyama ni maneno mawili yasiyochanganywa, na hata kaa wa zoezi letu na kaa la moto hawatoki mdomoni kwa namna moja. N'Ko, kinyume chake, huandika toni kwa uangalifu mkubwa. Ndiyo maana mezani uwe na msemaji wa lugha, si jedwali la alama peke yake.

Hatua ya 8: Jaribu kwa maandishi ambayo hukuyatumia

Jedwali lako la sauti halina thamani likielezea tu maneno uliyolitengenezea. Chukua ukurasa mpya. Ventris alipata bahati ya kipimo kama hicho mwaka 1953, mwanaakiolojia Carl Blegen alipomletea habari za kibao kutoka Pylos, Ugiriki, ambacho hakikuwa kimetumika katika kazi yake. Kilikuwa na michoro ya vyombo pamoja na maneno. Kwa jedwali la Ventris, penye chungu cha miguu mitatu palisomeka ti-ri-po. Penye chombo cha vishikio vinne, qe-to-ro-we. Cha vitatu, ti-ri-o-we. Kisicho na kishikio, a-no-we. Anayejua Kigiriki ataona nne, tatu na "bila" zikijipanga sawasawa na michoro. Hilo halitokei kwa kubahatisha.

Kama huna ukurasa wa pili, simama hapo. Kisahani cha Phaistos, kilichopatikana Krete mwaka 1908, kina aina 45 za alama na jumla yake ni kama 240 hivi. Hesabu inanong'ona kwamba ni silabi, lakini hakuna maandishi mengine marefu ya kukipima, kwa hiyo kila anayetangaza amekisoma anaweza kusema atakacho. Mihuri ya bonde la Indus ina shida ya jirani: alama ni mamia, maandishi ni maelfu, lakini kwa kawaida kila moja lina alama tano hivi tu. Kietruski, lugha ya Italia ya kale, ndicho cha ajabu zaidi. Kimeandikwa kwa herufi zilizotokana na za Kigiriki, unaweza kukisoma kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sehemu kubwa ya ulichosoma usiielewe, kwa kuwa lugha yenyewe haikuacha ndugu wa karibu anayejulikana vizuri. Kwa kuanzia chagua mwandiko ambao bado una wasemaji na magazeti. Kikorea utakimaliza mapema kuliko unavyodhani, Kiamhari baada yake, na Kichina ukiwa umeshapata subira.